Kabla hujaulaumu mtambo, uliza jiwe limetoka wapi

Kosa langu kubwa kuliko yote kwenye maikroprobu halikutoka kwenye mtambo. Lilitoka kwenye kidonge cha resini kipana kama sarafu, chenye vipunje vya madini ya kulinganishia, vilivyosuguliwa vikang'aa.

Kwa asiyeujua mtambo huu: unaipiga sampuli kwa mwale mwembamba wa elektroni, nayo inatoa eksirei, unazihesabu. Hesabu hiyo haikuambii kitu mpaka uipambanishe na jiwe ambalo kilichomo ndani yake kinajulikana. Ni mizani ya sahani mbili tu. Babu yangu alikuwa nayo dukani kwake Wete, na jiwe lake la ratili kila baada ya muda alilipeleka duka la pili likapimwe na la mwenzake. Nilipokuwa mdogo nikimwona ana wasiwasi tu.

Basi tulikuwa tunapima shanga za kioo za Unguja Ukuu. Kwenye vioo vya kale magnesia, yaani oksidi ya magnesi, ina maneno mengi. Ikizidi kiasi cha asilimia 1.5, huwa ni dalili kwamba magadi yaliyotumika yalitokana na majivu ya mimea, kama walivyofanya mafundi wengi wa Mashariki ya Kati. Ikipungua, unafikiria magadi ya ardhini, na kwa shanga za pwani yetu mara nyingi macho yanageukia India na jirani zake. Shanga zangu kadhaa zilisoma 1.55, 1.6. Nikafurahi, nikaanza kuandika habari za Ghuba.

Mwenzangu mmoja akaniambia, "Hebu pima na Corning A." Hicho ni kioo kilichotengenezwa makusudi kiige vya kale, na magnesia yake ni 2.66. Mimi nikapata karibu 3.1. Siku mbili nikaulaumu mtambo, nikalaumu utando wa kaboni unaopakwa juu ya sampuli, nikalaumu hata umeme. Siku ya tatu ndipo nikafungua jalada la mawe ya kulinganishia. Kwa magnesi tulitumia olivini, madini ya kijani yenye magnesi na chuma, iliyoandikwa "S.C.", yaani San Carlos, Arizona. Kwenye jalada magnesia yake ilikuwa 57.3. Hiyo ni olivini ya kwenye fomula, isiyo na chuma hata chembe. Olivini ya San Carlos ya makumbusho ya Smithsonian, Marekani, ina magnesia 49.42, na chuma chake, kikihesabiwa kama oksidi, kinakaribia asilimia 10. Gawanya 57.3 kwa 49.42 uone: asilimia 16 za ziada, ndizo zilizokuwa kwenye Corning A. Kuna mtu aliandika namba ya kitabuni badala ya namba ya jiwe.

Ningelipima chuma kwenye punje ile ile, dakika moja tu, ningeligundua. Kwa hiyo fanya hivyo: lipime jiwe lenyewe kama vile hulijui, elementi zote, uone kama jumla inafika 100.

Sikuishia hapo, maana S.C. nayo haitoshi. Olivini ya San Carlos wauza vito wanaiuza tele. Iliyochambuliwa na Jarosewich, mkemia wa Smithsonian, na wenzake, wakachapisha mwaka 1980, ni ile yenye namba USNM 111312/44. Kuambiwa jiwe ni la San Carlos ni kama kuambiwa mtu ni wa Wete. Bado hujaambiwa ni mtoto wa nani. (Ukikuta NMNH badala ya USNM, na kistari badala ya mkwaju, usibabaike, makumbusho ni yale yale na jiwe ni lile lile.)

Nikampigia simu fundi aliyestaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ile olivini? Kichupa cha Smithsonian kiliisha zamani, mwanangu. Tukanunua punje kwa muuza vito, na jina tukaliacha."

Hakuna karatasi yoyote ingeliniambia hayo. Watafute waliokutangulia wakiwa bado wanakumbuka.

Nikaazima kidonge chenye namba kutoka maabara nyengine, nikaipima olivini yetu juu yake, nukta 20 kwenye punje tano. Nne zilikubaliana, ya tano ilikuwa mbali na wenziwe, nikaizungushia duara jekundu kwenye ramani ya kidonge asiiguse mtu.

Na hata jiwe lenye nasaba lina vituko vyake. Sodiamu ya albaiti, jiwe la kulinganishia sodiamu, hukimbia ukiuzidisha mwale, basi upanue na upunguze nguvu. Florini ya apataiti ya Durango, Meksiko, jiwe la kulinganishia florini, husomeka mbali mbali kufuatana na upande fuwele ulivyolala.

Shanga nilizihesabu upya. Ile ya 1.55 ikawa 1.34, ya 1.6 ikawa 1.38. Kurasa tatu za Ghuba nikazifuta.