Deni lisimtoe mtoto darasani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: tufanye nini ili wanafunzi wa sekondari walio karibu kuacha shule wahudhurie na washiriki masomo? Mimi ni mwalimu wa darasa hapa Busia, upande wa Uganda. Jibu langu la kwanza ni kwamba sisi wa shuleni tuache kuwafukuza.

Tumezoea kulaumu mpaka wa Kenya, bodaboda na machimbo ya dhahabu. Ni kweli vinawavuta vijana, lakini angalieni kijana anavyofika huko. Tangu 2007 serikali hulipia karo katika shule zilizo kwenye mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, ila chakula cha mchana, sare, bunda la karatasi na fagio ni juu ya mzazi. Muhula ukianza kukolea, mhasibu anapita na orodha, na wasiomaliza kulipa wanaambiwa wachukue mikoba yao. Wa karibu anarudi kesho. Wa mbali anakaa wiki nzima, maana mama hana pesa mpaka auze mihogo. Ndani ya wiki hiyo anapata kibarua cha kuvusha mizigo, na jioni anashika pesa yake mwenyewe. Akirudi, kama atarudi, hajui wenzake wamefika wapi, anaona haya kuuliza, anajikalia nyuma kimya. Utoro huo tumeuanzisha sisi.

Kuna pia utoro wa mchana, ambao hauzungumzwi kabisa. Shule nyingi ninazozijua huita majina asubuhi tu. Saa saba, asiyelipia posho (ugali) na maharage anatoka kwenda kutafuta chochote cha kula na harudi, ilhali daftari linasema alikuwepo. Tuite majina tena saa nane. Na mzazi mwenye mahindi shambani aruhusiwe kuyaleta badala ya pesa.

Kuhusu ushiriki, nina matumaini makubwa na mtaala mpya ulioanza 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne 2024. Asilimia 20 ya alama hutoka kwenye kazi za shuleni. Nimeona kijana anayesinzia akinakili maandishi ubaoni, lakini ukimpa mradi wa kutengeneza sabuni ya maji ndiye anayewaelekeza wenzake. Huyo akifukuzwa wakati wa mradi, tumemnyang'anya alama na pia sababu ya kuja.

Wasichana waliojifungua nao tusiwasahau. Kwa sababu ya korona, shule zilifungwa, zote au kwa baadhi ya madarasa, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na wengi walipata mimba wakati huo. Mwongozo wa Wizara ya Elimu unawaruhusu kurudi, ila ruhusa ya karatasini haimlei mtoto. Mwalimu mlezi wa wasichana aende nyumbani kabla muhula haujafunguliwa, akae na bibi wa mtoto, wakubaliane nani atabaki naye na msichana atatoka saa ngapi kwenda kunyonyesha.

Kwa bodi za shule nina ombi muhula huu: tengeni pesa kidogo za salio la simu kwa walimu wa darasa, tupige nyumbani siku ileile mwanafunzi anapokosekana. Na mhasibu aelekezwe kumtafuta mzazi mwenyewe kuhusu deni, walipane kidogokidogo, huku mtoto akiendelea kusoma.