Re: Mama meno yanacheza, ile tiba ya jeni ya fizi ipo kweli?

Mkuu pole na mama. Ipo, ila kwa sasa ni ya maabara, kliniki huikuti, kwa hiyo huyo anayekuambia utume hela atakuletea dozi usimtumie hata mia.

Iko hivi, bakteria wa ukoga ndo wanaanzisha vita lakini anayekula mfupa hasa ni mwili wenyewe, kinga inamwaga protini inaitwa TNF, hiyo inaamsha seli zinazomung'unya mfupa, taya linashuka jino linabaki linaning'inia kama nguzo ya uzio mvua imechukua udongo wake. Sasa wale wa Chuo Kikuu cha Michigan kule Marekani walichukua kirusi kisicholeta ugonjwa wakakibebesha jeni ya kutengeneza mtego wa kuinasa hiyo TNF wakawadunga panya, mfupa mwingi ukapona usiliwe. Ni akili ileile ya sindano za baridi yabisi, tofauti hapa mwili unajitengenezea dawa wenyewe muda mrefu (na hapo ndo mtihani, ukizima kinga muda mrefu maambukizi mengine je?).

Na cheki vizuri, walizuia mfupa usiliwe, kurudisha ulioshaisha ni kesi nyingine.

Mama mpeleke kwa daktari wa meno apige eksirei wamkwangue ugaga mpaka chini ya fizi, na apime sukari! Shangazi yangu alihangaika na fizi miaka kumbe sukari ilikuwa juu, ilivyoshuka na damu kwenye mswaki ikakata.