Kabla Hujaajiriwa Benki Kama Mhandisi wa Programu

Vijana wanaohitimu tehama pale Kijitonyama, Dar es Salaam, pamoja na wale walio katika kampuni changa za Sinza na Mikocheni, huniuliza mara kwa mara kama inafaa kwenda kuajiriwa katika taasisi kubwa ya fedha huku Posta, katikati ya jiji. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na jibu langu ni kwamba inafaa, ila kwa aliye tayari kujifunza uhasibu kwa bidii ileile anayojifunzia lugha za programu.

Chukulia mteja wa Mbagala anayehamisha shilingi 50,000 kutoka akaunti yake kwenda kwenye simu. Mfumo wa benki unapunguza salio lake, unapeleka ombi kwenye kampuni ya simu, kisha unangoja mpaka muda uliowekwa unakwisha bila jibu. Mhandisi mgeni hudhani muamala umeshindikana, akaandika programu itume ombi upya au imrudishie mteja fedha zake hapo hapo. Kumbe huenda fedha zilikwisha kuingia na kilichopotea njiani ni jibu tu, na sasa benki inalipa mara mbili. Kwa sababu hiyo kila muamala hupewa namba ya kumbukumbu isiyojirudia, na mfumo huuliza kwanza hali ya muamala kwa namba hiyo kabla ya kuchukua hatua nyingine. Jibu likiendelea kukosekana, fedha hukaa katika akaunti ya muda mpaka watu wa usuluhishi wa hesabu walinganishe taarifa za pande zote mbili.

Keti na watu hao mapema. Wanaweka orodha mbili sambamba kwenye kompyuta, wanashuka mstari kwa mstari, na mara utaonyeshwa kiasi kilekile, cha mteja yuleyule, kimejitokeza mara mbili upande mmoja kwa tofauti ya sekunde chache. Kwa maoni yangu, asubuhi moja mezani kwao humfunza mhandisi mengi kuliko semina nyingi za hotelini.

Taratibu zitakuchosha, hilo sikufichi, na kuvaa tai katika joto la Februari ni adhabu ya peke yake. Anayeandika badiliko la programu haruhusiwi kuliidhinisha mwenyewe, na karibu na mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia, mabadiliko mengi husimamishwa kabisa. Usijaribu kuzizunguka taratibu hizo, hasa zinazohusu taarifa za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuacha nafasi ya kunakili akaunti halisi za watu kwenye mazingira ya majaribio eti kwa sababu ni rahisi zaidi.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza zamu za usiku hupangwaje na kama zina malipo, kwa kuwa hesabu za siku hufungwa usiku na hitilafu haichagui saa. Uliza pia ni sehemu gani ya mfumo hutengenezwa ndani na ipi imenunuliwa nje ya nchi. Ukiambiwa karibu yote imenunuliwa, fahamu kwamba muda wako mwingi utakwenda kwenye kuunganisha mifumo na kufuatilia majibu ya watengenezaji, na wewe unayetaka kuandika programu kila siku ni heri utafute idara ya huduma za simu au uombe kwingine.