Mdogo wangu anataka kuacha vidonge: nini kinaweza kushika nafasi ya dawa hizo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Newala na ninamwuguza mdogo wangu wa kike mwenye umri wa miaka 23. Msimu wa korosho wa mwaka juzi alianza kukesha, kusikia sauti na kukataa chakula akisema kimetiwa sumu. Hospitalini tuliambiwa ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini yasiyo kweli, na mpaka sasa anakunywa dawa ya ugonjwa huo, olanzapini, miligramu 10 kila usiku. Sauti zilikwisha baada ya miezi michache, lakini amenenepa sana, analala hadi saa nne asubuhi, na anasema amechoka na vidonge. Nimesoma mtandaoni kwamba chakula, mazoezi, mitishamba na maombi vinaweza kumponya mtu bila dawa za hospitali. Bibi yetu anataka apelekwe kwa mganga, naye mganga amesema hatampokea mpaka aache vidonge kwanza. Je, njia hizo zinatosha? Na kama inawezekana kuacha, anaacha vipi?

JIBU: Marahaba. Makala nyingi za aina uliyosoma huzungumzia "magonjwa ya akili" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na hapo ndipo msomaji hupotezwa. Kwa mtu mwenye sonona isiyo kali au wasiwasi uliopitiliza, mwandishi wa makala hiyo yuko karibu na ukweli kuliko wahudumu wengine wanaokimbilia kuandika vidonge. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema wazi kwamba dawa za sonona zisitumike kutibu sonona nyepesi kwa watu wazima. Tiba inayotangulia ni ya mazungumzo. Jijini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ambayo akina bibi wa mtaani, waliofunzwa kwa muda mfupi, huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mdogo wako, kwa maelezo uliyotoa, hayumo katika kundi hilo. Mtu aliyesikia sauti na kuamini kwamba chakula cha nyumbani kimetiwa sumu amepata ugonjwa ambao, katika kipindi chake kikali, chakula, mazoezi na maombi havijaonekana kuutuliza vyenyewe. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 65 ya dawa za kundi la olanzapini kwa wagonjwa wa skizofrenia waliokwisha kutulia. Kati ya walioachishwa dawa, asilimia 64 walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja au karibu na hapo, na kati ya walioendelea nazo ni asilimia 27. Naomba uzisome namba hizo kwa pande zote mbili, kwa sababu zaidi ya theluthi ya walioacha hawakurudiwa katika muda huo, na zaidi ya robo ya walioendelea walirudiwa hata hivyo. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kutuambia leo kwamba mdogo wako ni wa kundi lipi.

Hata hivyo sikubaliani na mhudumu anayemwambia kila mgonjwa kwamba vidonge ni vya maisha. Uholanzi ilifanya utafiti kwa watu waliougua kwa mara ya kwanza, kama mdogo wako, na matokeo ya miaka saba yalitolewa mwaka 2013: waliopunguziwa au kuachishwa dawa mapema chini ya uangalizi walikuwa wamerudi kwenye maisha kamili kwa asilimia 40, na walioendelea na dozi ile ile kwa asilimia 18 hivi. Uingereza ikatoa utafiti wake mwaka 2023, safari hii kwa watu 253 ambao wengi wao waliugua kwa muda mrefu au zaidi ya mara moja, na majibu yakawa mengine: baada ya miaka miwili, waliopunguziwa dawa polepole walizidiwa kiasi cha kulazwa kwa asilimia 25, dhidi ya 13 ya wenzao, na maisha yao ya kijamii hayakuwa bora zaidi. Ninavyozisoma tafiti hizi mbili pamoja, aliyeugua mara moja tu ana sababu ya kutumaini kupunguziwa dawa, ilimradi jambo hilo lifanywe kwa utaratibu na kwa wakati wake.

Wakati wake ni lini? Shirika la Afya Duniani linashauri dawa iendelee kwa angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, na wengi tunasubiri karibu miaka miwili. Hesabu inaanzia siku sauti zilipokoma, haianzii siku alipofungua pakiti ya kwanza, kwa hiyo kwanza kaeni pamoja mkumbuke mwezi huo. Mwombe pia daktari aupitie upya utambuzi wenyewe. Ugonjwa ulioanza ghafla, ndani ya wiki mbili, kwa mtu aliyekuwa mzima kabisa, kisha ukaisha wote, wakati mwingine huwa wa muda mfupi na njia yake ni tofauti na skizofrenia; na kama katika kukesha kule alikuwa pia anazungumza bila kukoma, anagawa fedha na kujiona ana uwezo mkubwa, inabidi baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ifikiriwe. Kama hakupimwa VVU, kaswende na tezi ya shingo, apimwe.

Malalamiko yake mwenyewe yana msingi na hayahitaji kusubiri miaka miwili. Olanzapini ni miongoni mwa dawa za kundi lake zinazonenepesha zaidi, kwa sababu inaamsha njaa na kuvuruga namna mwili unavyotumia sukari. Mgonjwa aliyekwisha kula ugali hujikuta anatafuta tena chakula saa nne usiku, na kumwita mlafi ni kumwonea. Apimwe uzito, kiuno na sukari ya damu kabla ya kula, kisha vipimo hivyo virudiwe kila baada ya miezi mitatu. Daktari anaweza kumwongezea metformini, dawa ya kisukari ambayo pia inapunguza kunenepa huku, au kumhamishia kwenye dawa isiyonenepesha sana kama aripiprazoli iwapo inapatikana, au kushusha dozi kidogo kama ametulia vizuri. Kuhusu usingizi wa asubuhi, muulize muuguzi kama anaweza kunywa kidonge saa moja au saa mbili usiku badala ya saa tano. Mara nyingi mabadiliko hayo madogo hutosha kumfanya aliyekuwa anavitupa vidonge akubali kuendelea kwa sasa.

Sasa nije kwenye njia ulizozitaja, na nitaanza na mbili ambazo hukuzitaja ingawa nadhani zina uzito kuliko zote.

Ya kwanza ni usingizi wa usiku. Wengi wanaorudiwa na ugonjwa huanza kwa kupoteza usingizi, na huku kwetu sababu za kukesha hazikosekani: ngoma za unyago, mikesha ya maombi, misiba, na msimu wa korosho ambapo familia nzima inahamia shambani. Ahudhurie shughuli za watu, lakini awe kitandani kabla ya saa nne na aamke saa ile ile kila siku. Bangi asiiguse. Uraka wakati wa mabibo na nipa vinavuruga usingizi na kuongeza uzito wa dawa kichwani, kwa hiyo navyo viepukwe.

Ya pili ni maneno ya nyumbani. Tangu miaka ya 1950 mwanasosholojia George Brown na wenzake mjini London waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali, wakaona kwamba waliorudi kwenye nyumba zenye kukosoa sana, ukali au kumwingilia mtu katika kila jambo walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Nyumba nyingi zilizopata jambo hili husema maneno yale yale: "kazi yake kulala", "wenzake wameolewa", "umekunywa dawa wewe?" mara nne kwa siku. Chagueni mtu mmoja tu wa kumkumbusha kidonge, mara moja, saa inayojulikana. Tiba ya kuifundisha familia nzima kuhusu ugonjwa ina ushahidi mzuri wa kupunguza kurudiwa, na muuguzi wa afya ya akili anaweza kuifanya mkimwomba. Nendeni wawili au watatu siku ya kliniki, asiende peke yake kuchukua dawa dirishani.

Baada ya hapo inafuata kazi. Kubangua korosho nyumbani kuna faida ambayo madaktari tunaisahau: mtu anakaa na wenzake bila kulazimika kuzungumza, anaona kilo zake jioni, na anashika fedha yake mwenyewe. Aanze kwa saa mbili za asubuhi, akiwa na glovu au majivu mikononi kama wafanyavyo wabanguaji, maana mafuta ya ganda yanaunguza.

Mazoezi yanasaidia moyo, uzito, usingizi na huzuni inayobaki baada ya sauti kuondoka. Dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa wiki zinatosha, na anayekaa Newala mjini akitembea na dada yake mpaka Shimo la Mungu na kurudi, siku tano kwa wiki, atakuwa amezifikia. Chakula kinafanya kazi upande huo huo wa mwili: mbaazi, kunde, dagaa, kisamvu na matunda viongezwe, soda na sukari ya chai vipunguzwe. Hakuna chakula ninachokijua kinachonyamazisha sauti, na anayekuuzia unga wa lishe kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Mitishamba siidharau, kwa sababu historia ya fani yangu inanizuia. Mwaka 1931 madaktari wawili wa India, Sen na Bose, waliandika kuhusu mzizi wa mti uliokuwa ukitumiwa kwao kutuliza wagonjwa wa akili. Mwaka 1952 ikatengwa humo dawa inayoitwa reseripini, na kwa miaka kadhaa ilitumika hospitalini duniani kote. Msesewe, mti ambao Wachaga huutia kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, ni wa jenasi (ukoo wa karibu wa mimea) moja na mti huo wa India. Reseripini iliachwa kwa tatizo hili kwa sababu ilishusha mno shinikizo la damu na kuwatia baadhi ya watu huzuni nzito, huku dawa bora zikipatikana. Mti wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia, na chupa isiyo na jina wala kipimo haikuambii ni nguvu ipi iliyomo. Ikichanganywa na olanzapini inaweza kumlaza kupita kiasi, kumwangusha anaposimama, au kuharibu ini bila ninyi kujua kipi kimesababisha. Asinywe dawa mbili za namna hiyo kwa pamoja bila daktari kuambiwa.

Dua, kusomewa na maji ya kombe havigombani na vidonge, na kwa familia nyingi ndivyo vinavyomrudishia mgonjwa heshima yake mbele ya watu. Masharti yangu ni machache: asifungwe kamba, asipigwe, asifukizwe moshi mzito, asinyimwe chakula wala usingizi. Mwezi wa Ramadhani kidonge chake kimoja cha usiku kinaingia baada ya futari bila tatizo.

Mambo hayo yakishakaa vizuri kwa miezi sita hivi, na muda niliousema ukatimia, ndipo mzungumze na daktari kuhusu kupunguza. Kuondoa dawa kwanza na kutafuta mbadala baadaye ni kung'oa nguzo ya banda kabla ya kusimika nyingine. Kupunguza kwenyewe kunakwenda kwa hatua, kwa kawaida robo ya dozi au chini ya hapo, kisha kusubiri miezi miwili au mitatu kabla ya hatua inayofuata. Mwishoni hatua zinatakiwa ziwe ndogo zaidi, jambo linalowashangaza wengi: dawa hizi hufunika vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na miligramu chache za mwanzo hufunika sehemu kubwa kuliko zinazoongezwa juu yake, kwa hiyo kutoka miligramu 10 kwenda 7.5 ni mabadiliko madogo, na kutoka 2.5 kwenda sifuri ni makubwa sana. Wengi wanaoanguka huanguka kwenye kipande hicho cha mwisho. Wiki ya kwanza au ya pili baada ya kila hatua anaweza kulala vibaya na kuwa na wasiwasi kidogo, na hali hiyo ikipungua yenyewe si lazima iwe ugonjwa umerudi. Msianze hatua yoyote kati ya Oktoba na Desemba, wakati mavuno na minada vinawatawanya watu wa kumwangalia.

Akikosa usingizi usiku mbili mfululizo, akianza kushuku chakula au kujifungia, rudini kwenye dozi ya hatua iliyotangulia kama mlivyopanga na daktari, na mwende kliniki wiki hiyo hiyo, iwe hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, Ligula, mjini Mtwara. Akizungumzia kufa, mpelekeni siku hiyo hiyo, msimwache peke yake, na salfa na viuatilifu vya mikorosho viondolewe nyumbani au vifungiwe.

Limebaki sharti la mganga. Tiba asili inatambuliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na waganga husajiliwa na baraza lao, kwa hiyo muulizeni kwanza cheti chake. Nigeria na Ghana zilifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambamo waganga na viongozi wa dini walishirikiana na wahudumu wa afya kumtibu mgonjwa yule yule, na wagonjwa hao walipata nafuu kubwa kuliko walioachwa na huduma ya kawaida. Mganga anayekubali kufanya kazi namna hiyo mpelekeeni mgonjwa bila hofu, mkimfikishia bibi heshima anayostahili. Huyu anayetaka vidonge vitupwe kabla hajamwona mgonjwa, mwambieni bibi kwamba daktari amekataa, lawama zije kwangu.