Haidra kwenye tangi la samaki: namna nilivyowaondoa, na makosa yaliyonigharimu vifaranga

Ndugu muulizaji wa Gungu, umeeleza kwamba kwenye kioo cha tangi lako la lita 120 pameota nyuzi nyeupe zenye urefu unaokaribia sentimita moja, kwamba nyuzi hizo hujikunja kioo kinapogongwa, na kwamba vifaranga ulivyovihesabu wiki tatu zilizopita vikiwa zaidi ya thelathini sasa havifiki kumi. Umeuliza ni dawa gani itaziondoa. Nimeyasoma maelezo yako kwa huzuni, maana hayo ndiyo yaliyonikuta hapa Mwanga, Kigoma, nilipokuwa nikizalisha Neolamprologus brevis, wale samaki wadogo wa ziwa letu wanaoishi ndani ya makome matupu ya konokono. Nilipoteza vizazi viwili vya vifaranga kabla sijaelewa kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwalisha adui wao.

Hakikisha kwanza. Usiku zima taa ya chumbani, mulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni, kisha gusa uzi mmoja kwa njiti ya ufagio. Ukijikunja ghafla ukawa kama kichwa cha pini, na baada ya dakika chache ukajinyoosha tena na kutandaza minyiri yake sita au saba, huyo ni haidra. Minyoo bapa huteleza juu ya kioo na haina minyiri, na ukungu hauna habari na njiti. Haidra ni polipu wa maji baridi, yaani mnyama mdogo mwenye umbo la mrija na minyiri kuzunguka mdomo, jamaa wa matumbawe ya baharini na wa wale konyeza wadogo wanaoonekana kama vikombe vya kioo katika Ziwa Tanganyika. Minyiri yake imejaa vijimshale vyenye sumu vinavyofanya kazi kama upupu. Samaki mkubwa hajali, lakini kifaranga cha milimita chache kikigusa mnyiri hupooza, huvutwa mdomoni, na humezwa kizima. Nimewahi kuliona jambo hilo kwa kioo cha kukuzia, na tangu siku hiyo sikumchukulia haidra kuwa pambo la bahati mbaya tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwakwangua. Nilichukua wembe nikasafisha kioo chote, maji yakachafuka kidogo, nami nikaridhika. Baada ya majuma mawili walikuwa wengi kuliko mwanzo, tena wametapakaa hadi kwenye mawe na kwenye midomo ya makome. Sababu yake inajulikana tangu zamani: Abraham Trembley, mwanasayansi wa Geneva aliyefanya majaribio yake Uholanzi, alichapisha mwaka 1744 maelezo ya jinsi alivyomkata haidra vipande na kila kipande kikakua kuwa haidra kamili. Anayemkwangua haidra ndani ya maji yenye samaki, kwa hiyo, anampanda. Usimsage, usimkwangue, na kama una sifongo ya kusafishia kioo, iweke kando hadi kazi hii iishe.

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo, nami nakuomba usipite haraka hapa ukikimbilia sehemu ya dawa. Haidra aliyeshiba hutoa chipukizi ubavuni mwake, na chipukizi hilo huachana na mama yake kwa siku tatu au nne, nalo likaanza kutoa machipukizi yake. Haidra mwenye njaa huacha kuzaa kwa njia hiyo, husinyaa, na hatimaye hupungua hadi kutoonekana. Idadi unayoiona kwenye kioo, basi, ni kipimo cha chakula hai kilichozidi ndani ya tangi. Mimi nilikuwa nikiangua artemia, wale uduvi wadogo mno wa maji ya chumvi wanaolishwa vifaranga, na kuwamwaga mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, nikidhani ninawafadhili vifaranga, ilhali zaidi ya nusu ya artemia hao walikuwa wakiishia kwenye minyiri. Isitoshe, nilikuwa nikiwapa samaki wakubwa unga wa dagaa waliotwangwa. Haidra hali unga wa dagaa, lakini unga huo ulizama mchangani, ukaoza, ukazalisha vidudu vidogo mno vya maji vinavyorukaruka, na vidudu hivyo ndivyo vilivyomnenepesha haidra. Nilipofukua mchanga kwa kidole chini ya jiwe kubwa, wingu la kahawia liliinuka. Hapo ndipo nilipoelewa.

Hatua ya kwanza niliyochukua ilikuwa kuwatenganisha wazazi wenye vifaranga. Niliwahamishia kwenye beseni la lita 40 lenye pampu ya hewa na chujio dogo la sifongo jipya, pasipo mchanga, na makome yaliyochemshwa. Maji yake niliyaandaa upya badala ya kuyachota tangini, na samaki niliwapitisha kwenye ndoo ya maji safi kwanza, kwa sababu haidra mmoja aliyeshikamana na kitu chochote anatosha kuanza ukoo mpya. Kama utatumia maji ya bomba, yaache wazi siku moja au mbili huku pampu ya hewa ikifanya kazi ili klorini itoke. Artemia waliendelea kupewa vifaranga ndani ya beseni peke yake, kiasi cha kumalizika kwa dakika chache.

Tangi kubwa likabaki na samaki wazima tu, nao niliwalisha chakula cha punje kubwa mara moja kwa siku mbili, punje kwa punje, hadi nione kila moja imeliwa. Usihofu kwamba watakufa njaa; samaki mzima mwenye afya huvumilia siku mbili au tatu bila chakula bila kudhurika. Kila wiki nilifyonza taka za mchangani na kubadilisha theluthi moja ya maji. Mawe na makome yasiyo na wapangaji niliyatoa, nikayasugua, nikayaanika juani juma zima, kwa kuwa haidra hufa akikauka, na jua la Kigoma mwezi wa Julai halina mchezo.

Pamoja na hayo, kuna mbinu ya mwanga ambayo ilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Haidra huelekea kwenye mwanga, ingawa mwendo wake ni wa polepole sana. Funika pande tatu za tangi kwa kitambaa cheusi, acha upande mmoja upate mwanga wa dirishani, na baada ya siku mbili utawakuta wengi wamejikusanya kwenye kioo hicho. Hapo tumia mpira mwembamba, mimi nilitumia mpira wa dripu ambao haujatumika hospitalini, uweke mdomo wake juu ya haidra bila kumgusa, kisha achia maji yavute. Akiguswa kabla ya kuvutwa hujikunja na kung'ang'ania, kwa hiyo mkono uwe wa haraka. Siku ya kwanza nilifyonza zaidi ya mia. Majuma yaliyofuata walipungua hadi ishirini, kisha watano, na baada ya majuma sita sikumwona hata mmoja. Ni kazi ya uvumilivu, sikufichi.

Kuhusu dawa, kwa kuwa ndilo swali lako, nitasema nilichokiona. Chumvi kwa kiasi ambacho samaki wanakivumilia haikuwashtua. Dawa zenye shaba huwaua haidra, lakini huua konokono pia. Katika maduka ya dawa za mifugo kuna fenbendazo, dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe, nayo kweli huwamaliza haidra. Niliijaribu katika tangi langu la pili. Haidra walikwisha kwa siku chache, kisha konokono niliokuwa nao wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine, na wengine niliowaweka baadaye, nikidhani maji yameshasafika, nao wakafa, kwa sababu dawa hiyo hukaa mchangani muda mrefu. Kumbuka pia kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ni cha uzito wa mnyama na hakihusiani na lita za maji. Kama konokono wako ni wa thamani kwako, iache.

Tangi lisilo na samaki wala mimea lina tiba rahisi zaidi, yaani joto. Maji yakipandishwa kidogo kidogo hadi nyuzi 42 za Selsiasi na kukaa hapo nusu saa, haidra wote hufa. Pasha maji kwenye sufuria, yaongeze taratibu huku ukipima kwa kipimajoto, kwani kioo kinachopashwa ghafla hupasuka. Baada ya hapo mwaga maji yote, kwa kuwa mizoga huchafua maji kwa amonia, na bakteria wazuri wa chujio wawe wamehifadhiwa kwenye ndoo nyingine.

Mdau mwingine amekushauri ununue samaki aina ya gurami, na ni kweli kwamba gurami wenye madoa hula haidra. Mimi siungi mkono ushauri huo. Huyo ni samaki wa Asia, atavila na vifaranga vyako, na sisi tunaishi hatua chache kutoka kwenye ziwa lenye aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote zisizopatikana popote pengine duniani. Samaki mgeni akitoroka au akamwagwa mtaroni na mtoto, hatujui mwisho wake. Kwa sababu hiyohiyo, maji yote niliyoyafyonza niliyamwaga kwenye migomba nyuma ya nyumba, kwenye udongo mkavu, mbali na mfereji unaoshuka ziwani.

Limebaki swali la walikotoka. Wa kwangu waliingia na majani ya maji pamoja na viroboto maji niliowachota kwenye madimbwi ya upande wa mto Luiche, nikawamwaga tangini siku hiyohiyo. Wewe umetaja kwamba ulipewa majani na rafiki mwezi uliopita; naamini ndiyo njia waliyopitia, basi mjulishe naye akague tangi lake. Siku hizi majani mapya huyaweka kwenye ndoo nyeupe kwa majuma manne bila samaki, na kila Jumapili usiku huyamulika kwa tochi kabla sijayaruhusu kuingia ndani.