Kwa mwanangu, kuhusu lile debe la biskuti

Marahaba, mwanangu. Huku Tukuyu hatujambo. Mvua haijatuachia tangu juzi, na baba yako anashinda jikoni akiota moto kama paka.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema ukishawalaza watoto unaweka vile vidude masikioni na kusikiliza visa vya mauaji ambayo muuaji wake hakujulikana, mpaka usingizi ukujie, na mkwe wangu amekwambia kwamba unakaribisha mapepo nyumbani. Ukaniuliza: "Mama, hii nimerithi kwako? Na ni vibaya?"

La kwanza, ndiyo, umerithi kwangu. La pili lina maneno mengi, kwa hiyo jimiminie chai.

Unalikumbuka lile debe la biskuti juu ya kabati, mlilokatazwa kuligusa mkadhani nimeficha hela? Mna vipande vya magazeti tu, na karatasi nilizoandika mwenyewe. Kila kisa kilichonikosesha usingizi kimo humo, na cha kwanza kabisa ni cha Kalenga, kule Iringa.

Nilikuwa darasa la tatu babu yako aliponipeleka kuliona fuvu la Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Alivua kofia, akasimama mbele ya kioo kama mtu aliye msibani. Mimi nikauliza kwa sauti, mbele ya watu: "Baba, wamejuaje kuwa ni yeye?" Nilifinywa mkono mpaka leo naukumbuka ule ukucha. Lakini swali halikunitoka kichwani.

Hebu lifungue jalada hilo kama ninavyolifungua mimi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wanawapiga Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski anauawa. Mwaka 1894 Wajerumani wanarudi na mizinga, Kalenga inaanguka. Mkwawa anaingia porini na kuwasumbua karibu miaka minne, mpaka Julai 1898, pale Mlambalasi, anapojipiga risasi ili asishikwe mzima. Wanakata kichwa. Baada ya vita kuu ya kwanza unaandikwa Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kugawa nchi na madeni ya Ulaya nzima, na humo ndani, kifungu cha 246, imo sentensi inayoidai Ujerumani fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Huwa nacheka nikifika hapo. Miezi sita ikawa miaka 35!

Mwishowe gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Twining, akaenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Akakuta mafuvu kama 2,000, na 84 kati yake yametoka upande wetu huu. Yakapimwa, vipimo vikalinganishwa na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, yakabaki machache. Katika hayo machache akachagua moja lililokuwa na tundu la risasi. Juni 1954 likaletwa Kalenga, akalipokea Chifu Adam Sapi, mjukuu, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Sasa niambie wewe. Nimekaa ukarani wa mahakama ya mwanzo miaka 22. Panga iliyoletwa kama kielelezo, hata ikitoka kituo cha polisi cha jirani, nilitakiwa niandike nani alimkabidhi nani na siku gani. Hicho kichwa kimepita mikono miaka zaidi ya 50, kikavuka bahari, na karatasi ya makabidhiano haipo. Risasi wakati ule ziliingia vichwa vingapi katika nchi hii? Babu yako hakutaka kusikia habari hiyo hata siku moja. "Ni yeye," basi. Nami kila nikienda Kalenga nainama mbele ya kile kioo. Swali halinizuii kuinama.

Mahakamani ndiko swali langu la utotoni lilikopata wenzake. Hakimu niliyeanza naye kazi alikuwa na neno moja kwa kila shahidi, kabla hata hajakaa vizuri: "Uliona au uliambiwa?" Siku moja ilikuja kesi ya kuku. Mashahidi wanane, na wote wamesikia kwa mama mmoja. Mama akaitwa. Kumbe naye alisikia kwa mmoja wa wale wanane. Wazee wa baraza walicheka hadi mmoja akatoka nje.

Usidhani, basi, kwamba kila cha kusimuliwa ni uongo. Baba yako mkubwa, yule mwindaji, alikuwa akituambia juu ya kima wa msitu wa Rungwe, mwenye nywele zilizosimama kichwani, anayelia mlio usiofanana na wa kima yeyote. Wanamwita kipunji. Wataalamu wa wanyama walipozisikia habari hizo kwa wawindaji wa Kinyakyusa walidhani labda ni mnyama wa hadithi, maana wanyama wa mizimu huku hawapungui. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho yao. Mwaka 2005 wakamtangaza duniani, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wake peke yake kitaalamu, jenasi mpya ya kwanza kwa kima wa Afrika katika miaka 83. Baba yako mkubwa alipoambiwa kuwa kipunji amegunduliwa akasema tu, "Ndaga," yaani asante, akaendelea kula.

Lakini wawindaji walimwona. Hapo ndipo penye tofauti, na hapo ndipo ninapolazimika kukusimulia lile ambalo sijawahi kukusimulia.

Bibi yako alituogopesha na chinjachinja, watu wa wakati wa mkoloni waliosemekana kukamata watu usiku ili wauze damu yao. Pwani wanawaita mumiani. Tulipokua tukaziona ni hadithi za kuwarudisha watoto nyumbani mapema. Ikafika mwishoni mwa miaka ya 1990, wewe ukiwa bado mdogo, na Mbeya ikaanza kufunga milango jua likiwa bado juu. Safari hii waliitwa wachuna ngozi. Na hili halikuwa la kutunga, mwanangu: watu waliuawa kweli, na miili iliokotwa haina ngozi. Ila juu ya ukweli huo ukaota msitu wa maneno. Ngozi zinavushwa mpakani Tunduma. Zinalipwa kwa dola. Anayezitafuta ni mgeni mwenye begi.

Nyuma ya soko letu alikuwepo mzee mmoja, mgeni, aliyenunua ngozi za mbuzi na ng'ombe machinjioni, akazipaka chumvi na kuzianika. Siku moja nikiwa kwenye foleni mashineni, debe la mahindi miguuni, nikasema kwa mzaha: "Na huyu mzee naye, ngozi zote zile anazipeleka wapi?" Niliuliza tu.

Siku ya tatu swali langu lilinirudia likiwa na mikono na miguu. Kwamba katika magunia yake umeonekana mkono wa mtoto. Kwamba aliyesema ni karani wa mahakama, kwa hiyo ni kweli. Usiku watu wakamwendea na tochi na marungu. Mtendaji na mgambo wawili walifika kabla ya rungu la kwanza, wakamwaga magunia yote barabarani: mbuzi, mbuzi, ng'ombe, chumvi. Asubuhi mzee alipanda basi la kwanza. Ngozi zake aliziacha zikaoza pale nyuma ya soko, zikanuka wiki mbili, na njia yangu ya kazini ilipita hapohapo.

Mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wakiuawa Njombe, ulituma kwenye kundi la familia ujumbe wa sauti uliomtaja mtu mmoja kwa jina, ukasema tuusambaze. Nikakujibu maneno mawili: "Nani aliona?" Ukaninunia miezi miwili. Ukadhani sina uchungu na wale watoto. Nilikuwa nanusa zile ngozi, mama.

Kwa hiyo mwambie mkwe wangu mapepo hayapiti kwenye vidude vya masikioni, na umpe salamu zangu. Sikiliza visa vyako. Mimi mwenyewe nikikutwa na gazeti lenye kesi ya mauaji siachi mpaka nifike mwisho. Nikuombe kimoja tu: msimuliaji akianza kumcheka marehemu, zima. Yule naye ana mama yake.

Debe nitampa binamu yako anayekuja huko Dodoma wiki ijayo. Macho yangu hayawezi tena yale maandishi madogo. Karatasi moja ilikuwa chini kabisa miaka yote hii. Niliiandika usiku ule ule wa magunia, kama nilivyokuwa naandika kazini. Jina la mlalamikiwa sikuliandika kwa sababu sikuwahi kumuuliza anaitwa nani. Aliyeona: hakuna. Aliyesema: mimi.

Nimeitoa chini nikaiweka juu, uanze nayo.

Mama yako