Usimpake pilipili, mpeleke akapimwe damu

Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka miwili na miezi minane na anakula udongo. Mwanzo nilidhani anachezea tu. Sasa anaangalia kama hakuna mtu, anakwenda nyuma ya choo kwenye ukuta wa matope, anabandua vipande na kutafuna. Dada wa kazi anamchapa, mimi nimempaka pilipili mdomoni, haachi. Dawa ya minyoo keshapewa mara mbili ndani ya miezi miwili. Nilipokwenda duka la dawa wakaniuliza maswali mengi, nikaona wananipotezea muda. Niandikie jina la dawa tu, nimtume bodaboda. (Mama wa Kihonda, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Jina la dawa sitakuandikia, na naomba usinikasirikie kabla hujanisikiliza.

Nina miaka 17 kwenye kaunta ya dawa. Kila siku napokea simu inayonyooshwa juu ya kioo, ina picha ya chupa: "Nipe kama hii." Nikiuliza mgonjwa ni nani, ana umri gani, ana kilo ngapi, uso unabadilika. Mteja anaona namchunguza. Lakini dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo zake, na ugonjwa wake hauonekani kwenye picha ya chupa. Yule aliyekuuliza maswali mengi alikuwa anamtetea mwanao.

Mwaka juzi, Jumamosi moja, alikuja mama na kijana wa umri kama wa mwanao. Tukawa tunavutana bei ya sirapu ya vitamini. Pembeni ya benchi rangi ya ukuta imebanduka, na nikawa nasikia kwaru, kwaru. Kuinama, namwona mtoto anakwangua chokaa kwa ukucha na kulamba kidole. Midomo yote nyeupe. Nikazunguka kaunta, nikamwomba mkono, nikaufungua kando ya wangu. Kiganja hakikuwa na wekundu wowote, kama cha mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Nikashusha kope la chini, na huko ndani nako kweupe. Sikumuuzia sirapu, nilimwambia aende kituo cha afya siku ileile. Wingi wa damu ulikuwa 7.4, wakati mtoto wa umri huo anatakiwa afike angalau 11. Nyumbani alikuwa anakunywa chai ya rangi asubuhi na jioni, na mboga ilikuwa mchuzi tu. Alipoanzishiwa dawa ya madini ya chuma na dagaa wakaingia kwenye sahani yake, mama aliniambia mwezi wa pili kwamba ukuta kausahau kabisa.

Ndiyo maana nakwambia achana na pilipili na fimbo. Mtoto anayetafuna udongo, mkaa, chokaa au mchele mbichi mara nyingi amepungukiwa madini ya chuma. Hana ukaidi huyo, mwili wake una upungufu. Na udongo nao unamwingizia mayai ya minyoo, kwa hiyo mambo mawili yanakwenda pamoja. Dawa ya minyoo ina kazi yake: albendazo ya miligramu 400 hutolewa mara moja kwa mtoto aliyefikisha miaka miwili, na kwenye kampeni za afya ya mtoto hurudiwa baada ya miezi sita. Ila hairudishi damu iliyokwisha kupungua, hata ukiirudia kila mwezi.

Sasa usikimbilie kununua dawa ya kuongeza damu kwa kukisia. Damu hupungua kwa malaria na kwa selimundu (sikoseli) pia, na hayo yana tiba nyingine. Mpeleke akapimwe, uende na kadi yake ya kliniki. Akiandikiwa dawa ya chuma, usishtuke choo kikiwa cheusi, na usiache kwa sababu amechangamka. Huendelea kwa miezi kadhaa. Chupa iweke juu kabisa na kufuli ikiwezekana. Ni tamu, na mtoto akiinywa yote inaweza kumuua. Chai isimkute kwenye mlo. Mpe maini, dagaa, maharage, matembele, na kipande cha chungwa au embe pembeni ili chuma kifyonzwe vizuri.

Mweleze daktari pia kama mtoto hajaanza kuunganisha maneno, au ukimwita jina hageuki. Kula vitu visivyo chakula huonekana pia kwa watoto wanaochelewa kukua kiakili, na hao wanahitaji msaada mapema. Na kama wewe mwenyewe ulizoea kula udongo wa pemba wakati wa mimba, sema bila aibu. Huenda damu yako nayo inahitaji kupimwa.

Binti yetu ana mwaka na nusu. Akinyang'anywa kitu analia mpaka anakata pumzi, midomo inakuwa ya bluu, analegea. Bibi yake anasema ni degedege, anataka tumpeleke kwa mganga. (Baba wa Tunduma)

Pole sana kaka. Degedege la watoto kwa kawaida huja na homa. Huyu wako anaanza na kilio, na watoto wa aina hiyo huzinduka na kupumua wenyewe ndani ya dakika moja. Mlaze ubavu. Msimtie kijiko mdomoni, msimmwagie maji, msimtikise. Hata hivyo aonwe na daktari, na mwombe ampime damu, kwa sababu hapa napo upungufu wa chuma huhusika mara nyingi. Ikitokea bila kilio wala hasira, au usingizini, au ikapita dakika moja, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Dada, mimi ni mwenzako, natoa dawa Mbeya. Nimechoka. Wananunua amoksilini ya elfu moja, hawataki dozi. Juzi mama kaniomba dawa ya maji ya kumlaza mtoto kwenye basi la usiku. Nilipokataa kanitukana mbele ya wateja, akaenda duka la jirani. (Mtoa dawa)

Mdogo wangu, ulifanya sawa, na najua inavyouma kuona mlango wa jirani unafunguliwa. Sirapu zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi si za kumtuliza mtoto, na promethazini kwa aliye chini ya miaka miwili inaweza kumzuia kupumua. Gizani ndani ya basi nani ataona?

Mimi siku hizi sianzi na "hapana". Nauliza, "Ana umri gani, na analia kwa sababu gani?" Kuna mama alinijibu kwamba mtoto anajikuna usiku kucha, wala hakuwa na haja ya dawa ya usingizi. Alikuwa na upele. Kwa wa elfu moja, nawaonyesha bei ya dozi nzima kabla sijakata kidonge, na asiye nayo namwambia kituo gani atapata. Kwa dawa za maji natoa bomba la kupimia bure, nalichora mstari kwa kalamu nyeusi pale dozi inapoishia, kisha namwomba mama avute maji mbele yangu. Jaribu na mstari huo. Wengi hurudi kuuulizia.